Mwalimu wa mpira katika masomo: kazi ya Tata Raphaël na shauri la kiwanja chetu

Neno la waalimu wa michezo wa masomo ya Kasongo na Kabambare, lililosemwa mbele ya wakristu siku ya pili ya yubile



Kamati ya yubile ilituomba tuseme neno juu ya michezo. Wenzetu wamekwisha kusema mbele yetu juu ya ujenzi wa kanisa, juu ya makatekista wa kwanza, juu ya kwaya, na walisema vizuri. Sisi tulipewa mpira. Tunajua kwamba wazee kadhaa walicheka waliposikia hivyo, kwa sababu hawakuona kwa nini siku kubwa kama hii itolewe nusu saa kwa habari za watoto wanaofukuza kitu cha mviringo. Tutawajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja, padri na mwalimu, ambaye jina lake limeandikwa hata leo juu ya kiwanja kikubwa cha Kinshasa. Kisha tutatoa shauri letu juu ya kiwanja chetu wenyewe, kwa maana neno la kukigawa vipande vipande liko mbele ya baraza, na ninyi nyote mmelisikia.

Tuanze na jina. Babu zetu wa Maniema walijua mpira kuwa ni utomvu wa miti na kamba za msituni. Siku za Leta ya mfalme Leopold wa Pili neno hili lilitia hofu: vijiji vilitozwa mpira kwa nguvu, na asiyeuleta aliona mateso. Leo mtoto akiitwa «njoo kwenye mpira», anaacha hata chakula na kukimbia huku akicheka. Neno ni lile lile. Tunawaomba wazee wakumbuke hilo kabla ya kusema kwamba mpira ni jambo dogo.

Raphaël de la Kethulle de Ryhove alizaliwa mwaka 1890 karibu na mji wa Bruges, Ubelgiji, katika jamaa ya watu wenye cheo. Aliingia katika shirika la Mapadri wa Scheut, akafika Kongo mwaka 1917, wakati vita kuu ya kwanza ilipokuwa haijamalizika huko Ulaya. Alipewa kazi ya masomo katika Leopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Watu wakamwita Tata Raphaël, maana yake kwa Kilingala ni Baba Raphaël. Kazi hiyo akaifanya mpaka siku zake za mwisho. Alifariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka 40, kazi moja na mji mmoja. Sisi waalimu tunaohamishwa kila mara tunaitazama hesabu hiyo kwa wivu kidogo.

Leopoldville ya siku zile ulikuwa mji wa watu waliotoka mbali kwa kutafuta kazi ya Wazungu. Vijana walikuwa wengi, na wazee wa ukoo waliowajua walikuwa wamebaki vijijini. Asubuhi mwalimu aliwashika katika kalasi. Baada ya kalasi hawakuwa na mtu. Ni shida ile ile tunayoijua hapa, ingawa mji wetu ni mdogo. Tata Raphaël alitumia michezo kujaza saa zile za mchana. Mwaka 1919, miaka miwili tu baada ya kufika, alianzisha chama cha michezo cha Wakongo. Humo vijana walicheza kwa mpango, wakapangiwa siku, wakapewa kanuni na waamuzi. Mwaka 1925 wanafunzi wa zamani wa Mapadri wa Scheut walifanyiwa chama chao, kilichoitwa ADAPES, ili wasipotee baada ya kuacha madawati. Mwaka 1936 akaanzisha ekipi ya Daring, ambayo leo ni Daring Club Motema Pembe, na sidhani kuna kijana hapa asiyeijua. Mwaka 1937 kiwanja cha Malkia Astrid kikafunguliwa, kile ambacho siku hizi kina jina la Kardinali Malula. Mwaka 1952 kikafuata kiwanja cha Mfalme Baudouin, kimoja kati ya vikubwa sana katika Afrika ya wakati ule.

Tazameni jinsi kazi hiyo ilivyopangwa. Mtu anayetaka sifa ya haraka huanza na ekipi kubwa. Hutafuta wachezaji waliokwisha kuiva, huwapa sare nzuri, kisha hungoja kombe. Tata Raphaël alianza na masomo. Kutoka masomoni ikatoka michezo, kutoka michezo kikatoka chama, na viwanja vikubwa vilikuja mwisho, baada ya miaka 18 na zaidi. Chama cha wanafunzi wa zamani kilikuja kabla ya viwanja hivyo. Kwetu sisi hilo ndilo jambo kubwa katika maisha yake. Alijua kwamba kijana akimaliza masomo mwalimu wake hajamaliza kazi.

Na matunda yake hayakuwa mabao peke yake. Katika masomo ya Saint-Joseph ya Mapadri hao alisoma Jean Bolikango, akafundisha humo miaka 20, akawa kiongozi wa chama kile cha wanafunzi wa zamani. Mwaka 1960 aligombea uraisi wa nchi mpya pamoja na Joseph Kasa-Vubu. Humo humo alisoma Cyrille Adoula, aliyekuwa waziri wa kwanza wa Kongo tangu mwaka 1961 hata 1964. Hatusemi kwamba mpira ndio uliowafanya mawaziri. Twasema tu kwamba mtu yule aliyewapigia vijana filimbi uwanjani ndiye aliyejali vile vile kama walijua kuandika barua.

Lakini tusimpake sukari mtu wa Mungu, mwenyewe asingependa. Michezo ile ilifanyika katika nchi iliyotawaliwa. Wazungu walikuwa na ekipi zao na mashindano yao, na Weusi walikuwa na yao, kila watu upande wao. Wakubwa wa Leta walipenda sana mpira wa Wakongo, wala si kwa sababu ya upendo tu: walifikiri kwamba kijana aliyechoka kwa kukimbia atalala mapema, wala hatakwenda kwenye mkutano wa siasa. Katika hilo walijidanganya kabisa.

Mwezi wa 6 mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya kifo cha Tata Raphaël, ekipi ya Union Saint-Gilloise kutoka Brussels ilikuja kucheza na wachezaji wa Leopoldville katika kiwanja cha Mfalme Baudouin. Arbitri alikuwa Mbelgiji. Watu waliona kwamba anawaonea wachezaji wao, wakatoka wamekasirika, na magari ya Wazungu yakapigwa mawe njiani. Kisha ikaja siku ya tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1959. Mkutano wa chama cha Abako ulikatazwa. Watu waliokuwa wakitoka kwenye mpira katika kiwanja kile kile wakakutana barabarani na watu wa mkutano ule, na mji wote ukawaka. Makumi ya watu walikufa, na wengine husema mamia. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, nchi ilipata uhuru.

Sisi waalimu wa michezo tumefikiri sana juu ya habari hiyo, na hii ndiyo maana tunayoiona. Ukimfundisha mtoto miaka mingi kwamba kanuni ni moja kwa wote, kwamba mtoto wa tajiri akishika mpira kwa mkono ni kosa sawasawa na mtoto wa mkulima, usishangae siku atakapomwona arbitri anayepotosha haki, naye akakataa. Waliojenga kiwanja kile walitaka kuwatuliza vijana. Kanuni za mchezo zenyewe ziliwafundisha jambo lingine. Hatusifu mawe, maana jiwe halichagui kichwa. Lakini hatuwezi kusema kwamba mwalimu yule alishindwa. Kiwanja hicho kikaitwa kwa tarehe ya 20 mwezi wa 5 siku za Mobutu, na humo Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwezi wa 10 mwaka 1974. Mwaka 1997, utawala ulipobadilika, walitafuta jina jipya, wakachagua la Tata Raphaël. Majina ya wafalme na ya serikali yaliondolewa, na jina la mwalimu likabaki.

Labda mtasema: hayo ni ya Kinshasa, ya watu wa Kilingala. Basi tugeuke upande wetu wa Kiswahili. Mwaka 1939 Mapadri Wabenedikto waliokuwa wakiongoza masomo ya Saint-Boniface huko Elisabethville, leo Lubumbashi, waliwafanyia wanafunzi wao ekipi, wakaiita Saint-Georges. Ekipi ile ya wanafunzi ikabadilisha jina mara kadhaa, ikaitwa Englebert, ikashinda kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo ni Mazembe, iliyolishinda tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa 12 mwaka 2010 ilicheza fainali ya dunia ya ma-klabu na Inter ya Milano, ikafungwa mabao 3 kwa 0, lakini hakuna ekipi ya Afrika iliyokuwa imefika huko kabla yake. Na chanzo chake ni kiwanja cha masomo, na padri aliyehesabu vijana kabla ya kutupa mpira.

Sasa tuje kwetu, Kasongo na Kabambare.

Vikarieti ya Kasongo ilianzishwa mwaka 1952, ikawa jimbo mwaka 1959. Kwetu hakutokea mtu wa sifa kama Tata Raphaël, wala kiwanja chenye viti. Tulikuwa na Mapadri Weupe waliokunja kanzu na kucheza ubavuni, na waalimu waliotengeneza mpira kwa majani makavu ya migomba na kuufunga kwa kamba, na walipopata mpira wa kweli waliutia mafuta ya mawese ngozi isikauke. Ekipi ya Kabambare ilipokuja Kasongo ilitembea kwa miguu au ilipanda kinga, ikavuka Luama, ikalala njiani kwa wakristu. Wakifika wamechoka, wenyeji waliwapa siku nzima ya kupumzika kabla ya kucheza. Hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote.

Tena kwetu mpira umefanya kazi ambayo mahali pengine haikuhitajiwa sana. Kasongo ni mji wa Waislamu na wakristu, tangu siku za Tippu Tip na wana wake. Baada ya mwaka 1977, Leta iliporudisha masomo mikononi mwa madini kwa mapatano, kila dini ilirudi nyuma ya ukuta wake: masomo ya Katoliki huku, ya Waprotestanti kule, ya Waislamu upande mwingine. Ni mahali gani watoto hawa wanakutana kila juma kwa shauri moja? Sokoni, na kwenye kiwanja. Katika mwezi wa Ramazani tunapanga mchezo mapema, kabla kiu haijawazidi wenzetu wanaofunga. Siku ya Pasaka wao wanatungoja. Mbangubangu na Mzimba, Mkusu na Mzula wanavaa sare moja, na akianguka mmoja, aliye karibu ndiye anayemwinua.

Lakini jambo linalotuhangaisha ni jingine, wazazi wetu, nalo linaitwa dhahabu. Huko Namoya na Salamabila, upande wa Kabambare, mtoto wa miaka 14 anaweza kushika koleo na kupata kwa juma moja fedha ambazo mwalimu wake hajaziona kwa mwezi. Machimbo makubwa ya mashine yalisimama mwaka 2019 kwa ajili ya vita, lakini mashimo ya watu yanaendelea, na karibu na mashimo wako watu wenye bunduki wanaotafuta vijana wenye miguu mizuri. Nani ana miguu mizuri kuliko mchezaji wetu?

Tuna picha moja ya ekipi yetu ya masomo. Wamesimama sita, wamepiga magoti watano, na kapiteni ameshika mpira kifuani. Siku moja tuliiweka mezani tukataja mmoja mmoja. Wanne walifika kwenye egzamini ya Leta. Mmoja ni dereva wa pikipiki hapa mjini, anawasalimu. Watatu walikwenda kwenye dhahabu, na mmoja kati yao shimo lilimwangukia. Wawili walichukua bunduki. Mlinda lango hatujui yuko wapi. Mama yake yuko hapa leo, na hatutasema zaidi. Siku ile ya picha walikuwa wameshinda mabao 4 kwa 1, na watu waliwabeba mabegani.

Basi, mwalimu wa mpira aliyefanikiwa ni nani? Watu wanahesabu makombe. Sisi tungependa ahesabiwe kwa picha kama ile: wangapi waliobaki, wangapi waliomaliza. Mwalimu wa masomo hana fedha ya kumshinda mfanyabiashara wa dhahabu. Ana kitu kimoja tu ambacho kijana anakitaka kuliko fedha, kwa muda fulani wa maisha yake: nafasi katika ekipi. Akitumia kitu hicho kwa akili, anaweza kumshika kijana miaka miwili, mitatu, ile ya hatari. Ndiyo maana tunashika kanuni ambayo inatuletea matusi kila mwaka: asiyekuwa katika kalasi asubuhi hachezi mchana, hata akiwa ndiye mfungaji. Kabla ya kila mchezo tunasoma orodha ya direkta. Tumepoteza michezo kwa kanuni hiyo. Mwaka mmoja tulifungwa na ekipi dhaifu, mfungaji wetu akitazama nje ya mstari akilia, kwa kuwa siku tatu alikuwa mashimoni. Watu walitupigia kelele. Kijana yule alimaliza masomo.

Na kuna wale wa akiba, ambao hakuna anayewasemea. Watoto 11 wanacheza, lakini wanaokuja kwenye mazoezi ni 30 na zaidi. Mwalimu mbaya anawatazama 11 tu. Mwalimu mzuri anajua kwa nini mtoto wa ishirini na tano hakuja jana: kama ni homa, kama ni minervali isiyolipwa, kama ni mjomba aliyemwita Salamabila. Anakwenda nyumbani kwao jioni, anakaa kwenye kigoda, anakunywa maji, anauliza habari. Kazi hii yote hailipwi. Wazazi wanaosema kwamba mpira unawafanya watoto kushindwa masomoni, tunawaheshimu, na wakati mwingine wana haki, pale ambapo mwalimu anamchezesha mtoto hata usiku na kumwombea maksi kwa waalimu wenzake. Desturi hiyo ni mbaya na iko mahali pengi. Lakini dawa yake ni kumchagua mwalimu vizuri na kumtazama. Kuondoa kiwanja hakumrudishi mtoto kwenye daftari. Kunamsukuma njiani, na njia ya hapa mnajua inakokwenda.

Neno la wasichana tutalisema kwa ufupi, maana wenyewe watalionyesha mchana huu. Tulipoanza, baba mmoja alituuliza nani atamwoa binti mwenye magoti yenye makovu. Ameolewa, ana watoto, na yeye ndiye anayefundisha ekipi ya wadogo.

Sasa kiwanja. Liko shauri la kukata upande wa magharibi na kuuza viwanja vya nyumba, ili fedha zitengeneze paa la jumba la parokia. Tunajua paa linavuja. Sisi pia tunanyeshewa. Lakini tuwakumbushe habari moja ya mkoa wetu. Ekipi ya Maniema Union ya Kindu, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilishinda kombe la Kongo mwaka 2017, na katika msimu wa 2024-2025 ilifika makundi ya mabingwa wa Afrika, ikacheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na Raja ya Maroko. Furaha yetu ilikuwa kubwa. Hata hivi, michezo yake ya nyumbani ilichezwa Kinshasa, mbali na watu wake. Ekipi kubwa ya Maniema ikikosa mahali pa kuchezea kwao, watoto wa Kabambare na Kasongo watafundishwa wapi, tukikata hata kile ambacho wazee walikilima kwa majembe yao na kung'oa visiki kwa mikono?

Kwa hiyo tunaliomba baraza liandike kiwanja chote katika kitabu cha parokia kuwa mali ya masomo, isiyouzwa. Tunaomba pia kwamba katika matoleo ya yubile sehemu ndogo iwekwe kwa minervali ya wachezaji walio yatima, ikishikwa na mhazini wa parokia, wala si na sisi. Na kwa paa, waalimu wa michezo na wachezaji wote watatoa siku sita za kazi za kubeba mchanga na kufyatua matofali. Majina yamekwisha kuandikwa, karatasi tutampa Baba Paroko baada ya maneno haya.

Wasichana wataanza saa nane. Saa tisa ekipi ya masomo ya Kabambare, iliyofika juzi jioni, itacheza na ekipi ya Kasongo. Arbitri ni mwalimu wa masomo ya Waislamu, na wasaidizi wake ni wawili kutoka kwetu. Wenye mbuzi upande wa magharibi, tafadhali mzifunge mpaka jua litue. Mpira ni mmoja tu. Ukiingia katika mihogo ya jirani, tunaomba urudishwe upesi.